Kipimo cha Haraka cha Korona katika Kituo cha Afya Wilayani Masasi

Huduma ninayoitathmini hapa ni upimaji wa UVIKO-19 (korona) kwa kipimo cha haraka cha antijeni, yaani kinachotafuta protini za virusi, aliopatiwa mjomba wangu katika kituo kimoja cha afya wilayani Masasi, mkoani Mtwara, wakati wa wimbi la aina ya kirusi iitwayo Omicron. Niseme mapema kwamba kipimo chenyewe kiliniridhisha kuliko namna kilivyotolewa.

Mhudumu alimwingiza mjomba kijiti chenye pamba puani hadi akatokwa na machozi, akakizungusha, akakichovya katika kichupa chenye kimiminika, kisha akadondosha matone kwenye kikasha cha plastiki. Baada ya dakika 15 mstari ulikuwa umejitokeza kwenye herufi C, ishara kwamba kipimo kimefanya kazi, na mwingine kwenye T, ishara ya maambukizi, hafifu kiasi kwamba mjomba aliomba miwani yake. "Hata ukiwa hafifu, mzee wangu, ni mstari," mhudumu alimwambia kwa upole. Hatukuhitaji maelezo marefu, kwa kuwa huku kwetu mzazi aliyewahi kumpeleka zahanati mtoto mwenye homa amekwisha kukiona kipimo cha malaria kinachosomwa vivyo hivyo.

Wapo wanaokibeza kipimo hiki kwa kuwa hakifikii PCR, kipimo cha maabara kinachotafuta vinasaba vya virusi, na ni kweli hakifikii. Kiwango cha chini kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani ni kuwabaini angalau wagonjwa 80 katika kila 100 ambao PCR ingewabaini, na kipimo cha haraka hufanya kazi vizuri zaidi ndani ya siku 5 hadi 7 za mwanzo wa dalili, virusi vikiwa bado vingi. Lakini PCR inadai mashine, mtaalamu na sampuli iliyosafirishwa katika ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na janga lilipoanza mwaka 2020 sampuli zilipelekwa Dar es Salaam, mwendo wa zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Jibu sahihi linalomfikia mgonjwa akiwa ameshakaa msibani, sokoni na msikitini humsaidia mtunza takwimu kuliko linavyowasaidia majirani. Tena kuna gharama: msafiri aliyetaka cheti cha PCR aliwahi kutozwa dola 100 za Marekani, fedha ambazo mkulima wa korosho hana pa kuzitoa msimu ukiisha. Sisi hatukulipa chochote isipokuwa nauli ya bodaboda.

Kilichoniudhi ni majibu kutajwa kwa sauti barazani, mbele ya benchi lililojaa watu, ilhali chumba cha ndani kilikuwa kitupu. Katika ugonjwa ambao watu waliuogopa na kuufanyia siri, uzembe wa namna hiyo unatosha kumfanya mtu mwenye kikohozi abaki nyumbani na kujifukiza. Dirisha la kupimia nalo lilifungwa saa sita mchana, wakati ambao wanaotoka vijiji vya mbali ndio kwanza wanateremka kwenye pikipiki. Pia sikupenda kuona boksi la vipimo juu ya kabati, karibu kabisa na bati, kwa sababu vingi vya aina hii hutakiwa kutunzwa katika joto lisilozidi nyuzi 30.

Kwa korona, basi, ningemshauri yeyote mwenye dalili awahi kituo kama hiki asubuhi badala ya kusubiri hospitali kubwa. Kwa magonjwa mengine ya mlipuko sina hakika kwamba kimejiandaa. Homa ya virusi vya Marburg, iliyozuka Kagera mwaka 2023, na mpox, ugonjwa wa virusi wenye vipele uliothibitishwa nchini Machi 2025, bado huthibitishwa kwa PCR, na hapo kituo kinahitaji sanduku la baridi na gari la kuondoka na sampuli siku hiyohiyo. Sanduku pekee nililoliona lilikuwa la chanjo za watoto, na mhudumu alinieleza kwamba haliruhusiwi kubebea sampuli za wagonjwa.