Kitambaa cha fulana cha "uzi wa upepo": nimekishona, nimekifua

Mwaka jana niliwashonea vijana wa kwaya fulana za kitambaa cha kawaida. Kufuliwa mara tatu tu, mshono wa ubavuni ukahamia kitovuni. Mwenyekiti wao hadi leo ananitania.

Safari hii muuza majora mmoja hapa Mwanza akanionyesha jora la viskosi, kitambaa cha nyuzi zitokanazo na mti, lenye kibandiko cha "Vortex". "Fundi, uzi huu umesokotwa kwa upepo." Nilicheka, lakini nikapimiwa kilo 9.

Nyumbani nikachomoa uzi mmoja. Uzi niliouzoea ukiupinda kinyume cha msokoto wake hufumuka wote ukakatika. Huu ulikataa kufumuka hivyo: nyuzinyuzi za ndani zimelala zimenyooka, za nje zimezifunga kama kamba ifungavyo mzigo wa kuni. Hiyo ndiyo kazi ya upepo. Mashine za Murata, kampuni ya Kyoto iliyozitoa mwaka 1997, hupuliza hewa ya kompresa kwa nguvu ndani ya kitundu kidogo, na kile kimbunga huzungusha ncha za nyuzinyuzi kuuzunguka moyo wa uzi. Toleo la 870 hufikia mita 500 kwa dakika. Usokotaji wa kawaida wa pete na spindeli huenda mita 20 na ushee.

Mimi kasi hainihusu, vumbi ndilo linalonihusu. Fulana 40 nimemaliza bila kufungua mashine ya ovaloki, ile ya kuziba kingo za kitambaa, kutoa manyoya. Kwa kitambaa cha zamani ningeifungua mara tatu, nne. Moja niliibakiza ya majaribio, nikaifua mara 12 kwa sabuni ya mche na kuianika juani. Haijaota vipele vya nyuzi hata kwapani, na mshono uko palepale ubavuni.

Ila mkononi ni kikavu kidogo, hakina ule ulaini wa pamba nzuri. Nguo za kichanga sishonei. Tena kiloweke kabla ya kukata, viskosi hurudi. Mimi nililoweka, na urefu ulipungua kweli.

Duka nalo lina lake. Jora lilipimwa pamoja na bomba lake la karatasi, nikalipia gramu 600 za boksi. Niliporudi kulalamika nikapewa soda. Nyeusi wanasema itaingia wiki ijayo. Nitakwenda na mzani wangu.