Nimepamba chumba cha kupanga kwa vifaa vya Kariakoo: kanga imeishinda stika ya ukutani

Hukumu naitanguliza ili mwenye haraka asichoke. Kwa chumba cha kupanga cha Dar es Salaam, doti moja ya kanga ya pamba, unga wa muhogo na kamba ya katani vitakupambia vizuri kuliko stika za ukutani na maua ya plastiki, kwa pesa kidogo, na siku ya kuhama unaondoka navyo. Nimevitumia chumbani kwangu Tabata na kwenye vyumba vya rafiki zangu walioniita niwasaidie. Nasema kama mpangaji: mwenye nyumba hataki kuona msumari ukutani, dirisha langu linapigwa na jua la jioni, na kitanda ni cha nne kwa sita.

Stika kwanza, maana ndizo kila mtu anakimbilia. Namaanisha zile karatasi za plastiki zenye gundi nyuma, zenye picha ya matofali, marumaru au maua, zinazouzwa kwa rola la upana wa sentimita 45 na urefu wa mita 10. Dukani zinavutia kweli, na muuzaji atakubandikia kipande kwenye kioo cha kabati lake uone ilivyoshika. Sasa ukuta wako si kioo. Kuta nyingi za nyumba zetu zimepakwa chokaa au rangi ya maji ya bei nafuu, ile ambayo ukipitisha kiganja unabaki na unga mweupe. Gundi ya stika inaushika ule unga, haiushiki ukuta. Ya kwangu ilianza kufunuka pembeni kabla masika hayajaisha, na upande unaopigwa na jua ndio ulioanza. Ilipobanduliwa ikaondoka na rangi, vipande vikubwa. Kwa mpangaji aliyelipa kodi ya miezi 6 kwa mpigo na anayetaka maelewano na mwenye nyumba, hiyo ni hasara mara mbili.

Siitupi kabisa. Kwenye mlango wa kabati, ndani ya droo, juu ya meza ya vipodozi, popote palipo laini na pakavu, stika inakaa miaka. Futa kwa kitambaa chenye spiriti kidogo, acha pakauke, kisha bandika ukianzia juu huku ukisukuma hewa nje kwa kadi ngumu. Ila kwa ukuta wenyewe nawaambia wapangaji wenzangu: pesa hiyo ipelekeni Mtaa wa Uhuru kule Kariakoo mkanunue kanga.

Kanga ina kila kitu ambacho mapambo ya ukutani yanatafuta. Pindo lake linazunguka pande zote nne, kwa hiyo linakuja na fremu yake. Mji upo katikati. Jina lipo chini ya mji, limeandikwa kwa herufi kubwa zinazosomeka ukiwa mlangoni. Na kwa kuwa doti ni vipande viwili vinavyofanana, una cha ukutani na cha kitandani, au cha ukutani na mapazia mafupi, bila kuhangaika kulinganisha rangi. Hakuna rola la stika linalokupa hayo.

Lakini uwe mkali kwenye kuchagua. Siku hizi kanga nyingi ni za polista, na dukani zinang'aa kuliko za pamba. Omba uzi mmoja kutoka kwenye ukingo, toka nje, uchome. Pamba inanuka kama karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini linalopukutika. Polista inayeyuka na kujikunja kuwa punje ngumu nyeusi. Kwa kazi ya ukutani nataka pamba, maana inanyonya gundi, na polista inaikataa. Kisha ikunjue kanga yote, usikubali kuonyeshwa ikiwa imekunjwa. Tazama kama pindo linakwenda sambamba na ukingo wa kitambaa. Zipo zilizochapwa zikiwa zimepinda, na ukivaa huwezi kugundua, ila ukiiweka ukutani utaliona pindo linapanda upande mmoja kila unapoamka. Na jina ulisome vizuri. Kanga za mafumbo na vijembe zina raha yake kwenye shughuli. Chumbani unalala chini ya maneno hayo kila usiku. Mimi nilichukua ya "Akiba haiozi", na mpaka leo inanipa moyo.

Ukifika nyumbani, ifue kabla ya jambo lolote. Kanga mpya ina wanga unaoifanya kuwa ngumu na rangi ambayo haijatulia. Iloweke peke yake, isuuze mpaka maji yawe meupe, ianike kivulini, ipige pasi. Usiporuhusu isinyae mapema, itasinyaa ikiwa tayari imeshabandikwa, na rangi itahamia kwenye foronya zako kwa jasho la kichwa.

Sasa gundi, na hapa ndipo unga wa muhogo unapoingia. Watoto wanaounda tiara mtaani wanaijua gundi hii, nami sijaona inayomfaa mpangaji kuliko hii. Chekecha unga mpaka ubaki ule laini kabisa. Vijiko vinne vya chakula, koroga kwanza kwenye maji baridi nusu kikombe mpaka pasiwe na madonge, kisha mimina kwenye kikombe kimoja na nusu cha maji yanayochemka huku ukikoroga bila kuacha. Uji ukiacha kuwa mweupe na kuanza kuwa angavu kama kioo, epua. Mimi naongeza chembe ya shabu iliyosagwa, maana inazuia ukungu. Upoe mpaka uwe wa vuguvugu.

Paka ukutani kwa brashi pana, eneo la juu tu kwanza. Mtu mmoja ashike kanga, mwingine aishushe taratibu kutoka juu, na brashi ipite tena juu ya kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni. Kitambaa kitalowa na rangi zitaonekana kukolea kupita kiasi. Usiogope. Asubuhi kimekauka, kimenyooka, na hakuna alama ya gundi. Siku ya kuhama, loweka sponji kwenye maji ya moto, kandamiza pembeni mpaka wanga ulainike, vuta polepole. Kanga inaenda kwenye beseni, ukuta unafutwa, na umemaliza.

Masharti yapo, na nayasema kwa uwazi kwa sababu nataka kazi yako idumu. Ukuta wa rangi ya mafuta ndio unaofaa zaidi, kwa kuwa unaachia vizuri. Kwenye rangi ya maji jaribu kwanza kipande cha ukubwa wa kiganja nyuma ya kabati. Kwenye chokaa tupu achana nayo, gundi itaondoka na chokaa. Ukuta wa nje unaotoa unyevu wakati wa masika pia haufai, utaota ukungu hata ukiweka shabu. Na mende wanapenda wanga, kwa hiyo kama jiko lako liko humo humo chumbani, nenda kwenye njia ya pili.

Njia ya pili ni kichwa cha kitanda, na kwangu mimi hii ndiyo kazi nzuri kuliko zote. Kwa seremala yeyote kuna mabaki ya plaiwudi anayouza kwa bei ya maelewano. Kata ubao wa upana wa kitanda chako. Kitanda cha nne kwa sita kina upana wa takribani sentimita 122, na kanga ina upana wa karibu sentimita 150, kwa hiyo inabaki kama sentimita 14 kila upande ya kukunja nyuma. Inatosha kabisa. Wenye kitanda cha tano kwa sita, kanga haitazunguka: shonea kitambaa cheusi pande zote mbili, au punguza ubao uwe mfupi kuliko kitanda.

Juu ya ubao gundisha sponji ya inchi moja. Tandaza kanga sakafuni, uso chini, weka ubao juu yake sponji ikiwa chini. Hapa usikimbilie pini. Inua ubao, tazama jina limekaa wapi. Lazima likae juu ya pale mito itakapofika, la sivyo umejipambia maneno yasiyosomeka. Godoro la inchi 8 na mito miwili vinakula nafasi kubwa kuliko unavyodhani, kwa hiyo pima kitanda kikiwa kimetandikwa. Ukisharidhika, piga pini moja katikati ya kila upande: juu, chini, kushoto, kulia. Kisha kutoka katikati kwenda pembeni, ukivuta kwa nguvu ile ile kila mara. Ukianzia pembeni, pindo litajikunja kama wimbi na hutalinyoosha tena. Pembe zikunje kama unavyokunja shuka, mara mbili. Mashine ya pini sikununua, niliazima kwa fundi makochi wa jirani na nikamwachia ya soda. Ubao unaegemezwa ukutani nyuma ya kitanda, kitanda chenyewe kinaushikilia. Hakuna msumari hata mmoja.

Kamba ya katani ni kipenzi changu cha pili. Mkonge, mmea unaotoa katani, uliingia nchini mwaka 1893, ulipoletwa na Mjerumani Richard Hindorf. Miche 1,000 ilisafirishwa na 62 tu ndiyo iliyofika hai, na mashamba ya Tanga yakatokana na hiyo. Napenda kwamba kamba iliyozunguka kioo changu ina asili hiyo. Hata hapa kuna za plastiki zilizotiwa rangi ya katani, kwa hiyo rudia mtihani wa moto. Kwa kioo cha mviringo: kigundishe katikati ya ubao au boksi gumu lililokatwa mviringo mkubwa zaidi, kisha zungusha kamba kuanzia ukingo wa kioo kwenda nje, duara baada ya duara, kwa gundi nyeupe ya mbao. Ikikauka itakuwa na vinyweleo kila mahali. Pitisha moto wa kiberiti haraka juu yake, nje ya nyumba, kitambaa chenye maji kikiwa karibu, au vikate kwa mkasi kama una subira. Kasoro yake ni kwamba katani inakunywa unyevu, hivyo bafuni isiingie.

Bunduki ya gundi, ile ya umeme inayoyeyusha vijiti, nimeinunua na ninaitumia, ila sifa zake zimezidishwa. Inafaa kwa kitu kidogo kinachotakiwa kushika sasa hivi: ua la kitambaa, ncha ya kamba, shanga. Kwa kitu kizito au kinachopigwa na jua dirishani, inalegea. Ukinunua, tazama mambo mawili. Vijiti viko vya milimita 7 na vya milimita 11, na bunduki ndogo ya wati 20 inachukua vya 7 tu. Muuzaji wangu alinifungia vya 11. Na plagi nyingi ni za miguu miwili, kwa hiyo utahitaji adapta kwa soketi zetu za miguu mitatu.

Ukili nao usiusahau. Ukindu uliosukwa mkanda, wenye rangi za zambarau na kijani, ukishonwa kwa kuzungushwa unapata kifuniko kizuri cha taa ya pembeni. Ulowanishe kwanza, mkavu unakatika. Tumia balbu ya LED isiyotoa joto kali. Vile vitaa vidogo vya kuning'iniza vya betri ni vya furaha ya muda, betri zake zitakumaliza.

Kwa manunuzi: kanga ni Mtaa wa Uhuru, kabla ya saa 4 asubuhi, wakati wauzaji bado wana subira ya kukufungulia robota. Kamba, gundi ya mbao na brashi ni maduka ya vifaa vya ujenzi upande wa Gerezani. Kitambaa cheusi cha kushonea pembeni, tafuta shuka la mtumba la pamba pale Mchikichini, ni zito kuliko jipya na bei yake ni nusu. Mimi doti nililipa shilingi 13,000, na nilianzia kuambiwa 18,000, kwa hiyo usione haya kusema, "Kaka, nifanyie bei ya kuja tena." Kioo usikibebe kwenye daladala saa za jioni. Panda bajaji.