Cfarm: mashine za AIX na Solaris za bure, nikiwa Umoja, na vile kodi yangu imeaibika

Hii ni rivyu ya cfarm, huduma ya mashine za bure za kujaribia programu, lakini wacha nianze na simu ndio muelewe. Ilikuwa jioni, niko kwa matatu natoka tao, jamaa wa IT wa sacco moja ya wakulima wa chai (jina tuliache) akanipigia. "Boss, hii laibrari yako imetuletea mkulima amepeleka kilo milioni saba." Nikadhani ni utani. Akatuma picha: mkulima mmoja, majani ya asubuhi moja, kilo 7,723,417.60. Mizani yenyewe ilikuwa imeandika 23.50.

Kwa wale hawanijui, nina laibrari ndogo ya lugha ya C (kodi ambayo programu zingine huitumia) ambayo kazi yake ni kusoma faili za baiti zinazotoka kwa mizani ya digitali ya vituo vya kununulia majani ya chai na kuzigeuza ziwe rekodi za kueleweka. Kwa Linux imekimbia miaka, kwa Mac inakimbia, na mimi kwa kiburi changu niliandika kwa maelezo yake kwamba hii ni kodi inahamishika popote. (Kodi ya C, sio ya nyumba. Ya nyumba haihamishiki, landlord wangu ni shahidi.) Sasa kumbe hii sacco seva yao inatumia AIX, mfumo wa uendeshaji wa IBM, kwa prosesa za POWER, na mimi AIX nilikuwa nimeisikia tu kama vile mtu husikia habari za Antaktika.

Mahesabu ya huo muujiza ni rahisi ukiyaona. Mizani inaweka uzito kama namba nzima, 2350 badala ya 23.50, kwa baiti nne, ile ndogo ikiwa mbele: 2E 09 00 00. Laptop yako ya Intel inasoma hivyo hivyo. AIX inaanza na kubwa, kwa hivyo baiti zile zile zinakuwa 772341760, gawa kwa mia, mkulima anakuwa tajiri kuliko kiwanda. Nilikuwa nachukua hizo baiti na memcpy (inanakili tu vile zilivyo) moja kwa moja mpaka kwa uint32_t (namba nzima ya biti 32), na miaka yote hakuna mashine iliwahi kunikatalia, basi nikadhani niko sawa.

Kujua kosa ni rahisi, kazi ni kujaribu marekebisho. Sacco hawawezi nipatia seva yao ya pesa za watu nichezee, na hata wangenipatia ningekataa. Kwa ujinga nikaenda Luthuli kuulizia kama naweza pata mashine yoyote nzee isiyo ya Intel, POWER, SPARC, chochote. Muuzaji akaniangalia, "Kastama, spaki? Spaki plagi enda Kirinyaga Road." Hakuwa anatania.

Ndio nikapata cfarm. Zamani iliitwa shamba la kukompailia la GCC (kompaila huria ya GNU), sai wanaita cfarm tu na wako cfarm.net. Ni mkusanyiko wa mashine halisi za aina tofauti tofauti, zimewekwa sehemu mbalimbali za dunia, na ukiwa unatengeneza programu huria unaomba akaunti, unapewa, unaingia kwa SSH (njia salama ya kuingia mashine ya mbali), hulipi shilingi. AIX iko. Solaris, mfumo mwingine wa Unix, kwa prosesa za SPARC iko. OpenBSD, FreeBSD, NetBSD, Linux za ARM, za POWER, za MIPS, za RISC-V. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona vitu vingine havinunuliki vinapeanwa bure hivi, nikatafuta pahali wameficha bei nikakosa.

Kuomba akaunti si kitu cha dakika mbili na sioni ubaya. Unajaza fomu, unasema wewe ni nani na unafanyia kazi programu gani huria, unaweka ufunguo wako wa SSH wa wazi, halafu kuna binadamu anasoma. Laibrari yangu iko na leseni ya MIT na kodi iko mahali pa wazi, kwa hivyo nilieleza kwa sentensi tatu, nikasubiri siku chache nikaingia. Kama kazi yako ni ya siri ya kampuni hii huduma si yako, usijaze fomu ukidanganya.

Sasa AIX. Wueh. Siku ya kwanza nilikaa mpaka saa saba usiku na bado sikuwa nimefika kwa shida ya kilo. Kwanza Makefile yangu (maagizo ya kujenga programu) ilikuwa imejaa ifeq na vitu vya make ya GNU, nikaandika make vile nimezoea ikanitapikia, kumbe make ya hapo ni ya wenyewe na ya GNU inaitwa gmake. Skripti ya majaribio nilikuwa nimeanza na shell ya bash bila kufikiria, ya kwao ni ksh. Halafu nikaweka -maix64 nipate biti 64 (bila hiyo unapewa 32, long inakuwa baiti nne, na time_t pia nne, yaani hesabu ya tarehe inagonga ukuta Januari 2038), kompaila ikakubali, lakini ar, zana ya kufunga faili za .o ziwe laibrari, ikazikataa ati hazifai. Nilizunguka hapo kama saa nzima. Dawa ni kuweka OBJECT_MODE=64 kwa mazingira, ju ar ya AIX bila kuambiwa inataka za 32 tu. Mstari mmoja. Ningelia lakini mtoto alikuwa amelala.

Kilo nikarekebisha vile ilifaa kuwa tangu mwanzo, baiti moja moja:

(uint32_t)p[0] | (uint32_t)p[1] << 8 | (uint32_t)p[2] << 16 | (uint32_t)p[3] << 24

Hiyo haijali mashine inaanza na kubwa au ndogo. Na hizo uint32_t za kila mahali sio pambo, ukiziacha p[3] inageuka int kabla ya kusukumwa 24, na ikiwa baiti ni kubwa unaingia kwa biti ya alama (ya chanya au hasi) na hapo kiwango cha C, yaani sheria rasmi za lugha, kinanawa mikono.

Lakini chenye kilinifungua macho ni vitu sikuwa natafuta. Faili ya siku ambayo hakuna mkulima alileta majani ina rekodi sifuri. Kodi yangu ilikuwa inaomba memori ya ukubwa sifuri kwa malloc, ikipata NULL (pointa tupu) inasema memori imeisha. Kwa Linux malloc(0) inakupa pointa, kwa AIX inakupa NULL, na zote mbili kiwango kinaruhusu. Yaani seva yenye memori kibao, faili tupu, na laibrari yangu inalia ati memori imeisha. Baadaye nikasoma kwa mwongozo wa Gnulib (kodi ya GNU ya kusaidia programu zihamishike) nikakuta hiyo shida imeandikwa hapo na wana moduli ya kuitibu, malloc-gnu. Huo mwongozo kama huujui uusome: fanksheni baada ya fanksheni wanakwambia ni mfumo gani inakosekana, ni upi inafanya vituko, na ni gani wao wenyewe hawajaweza kutibu. Ni kama yule jirani anajua kila nyumba ya ploti nani hulipa na nani hutoroka.

Kituko kingine cha AIX ni kinyume cha matarajio. Nilikuwa na mahali naita strlen (inayohesabu herufi) kwa jina la kituo bila kuangalia kama ni NULL. Kwa Linux hiyo inaanguka papo hapo. Kwa AIX ukurasa wa kwanza wa memori unasomeka na una sifuri, kwa hivyo strlen(NULL) inarudisha 0 kwa utulivu na maisha yanaendelea, ripoti inatoka na kituo kisicho na jina. Kwa hivyo ukisikia "kwa seva yetu haianguki" usifurahi haraka.

SPARC nayo haina huruma hata kidogo. Kichwa cha faili za mizani ni baiti saba, rekodi zinaanza ya nane, na kuna fanksheni moja ya zamani nilikuwa nasoma namba kwa kulazimisha pointa, *(uint32_t *)(p + 7). Intel inameza hiyo bila kulalamika. Solaris ikanijibu Bus Error na kumwaga kori. Mtu wa Nairobi ukiambiwa basi ina shida hushtuki, lakini hapa maana yake ni anwani haikugawanyika kwa nne na prosesa imekataa kabisa kuisoma. Ile fanksheni ya baiti moja moja ikaitibu pia, dawa moja wagonjwa wawili.

ARM ya Linux ilinipata na char. Kuna mahali nilikuwa nimeandika char c halafu while ((c = getc(f)) != EOF), na kwa Linux ya ARM char haina alama (haibebi namba hasi), kwa hivyo c haiwezi kuwa -1, ambayo ndio EOF (mwisho wa faili), milele, na programu ikazunguka. Hiyo ni aibu ya mwaka wa kwanza chuo, sina la kujitetea, inafaa kuwa int.

OpenBSD ndio mwalimu mkali niliyempenda. Ukikompaili tu, linka inakwambia strcpy (ya kunakili maandishi) karibu kila mara hutumiwa vibaya, tumia strlcpy. Na memori ikiachiliwa kwa free, malloc yake inaijaza takataka ya 0xdf, kwa hivyo nilipokuwa nasoma rekodi baada ya kuita free, jambo ambalo Linux ilikuwa inanifichia miaka yote, hapa nikapata majina ya wakulima ni dfdfdfdf. Nilikaa kimya dakika nzima nikiangalia hiyo skrini. Strlcpy yenyewe OpenBSD wanayo tangu 1998, glibc (laibrari ya C ya Linux) wameiweka 2023 na toleo la 2.38, kwa hivyo kama wateja wako bado wako na Linux za zamani lazima ubebe yako na kuangalia kwanza kama mfumo unayo.

Mipaka ya huduma ni ya kawaida tu. Mashine mnashiriki, kuna watu wanajenga GCC nzima hapo, usiende na make -j 64 (kazi 64 kwa mpigo) kama uko kwa bibi. Root (mamlaka ya msimamizi wa mashine) huna, ukitaka kitu unajijengea kwa folda yako. Na tafadhali, data ya wateja usipeleke huko hata kama ni "ya kujaribu tu". Mimi nilitengeneza faili za uongo, wakulima wa kubuni, ju Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haitakuuliza kama ulikuwa unajaribu tu. Umbali nao unasikia, unaandika herufi unaiona baadaye kidogo, mimi nahariri hapa kwangu narusha na rsync. Na chochote cha muda mrefu weka na nohup, iendelee hata laini ikikatika. Usiku mmoja majaribio yakiwa katikati token za stima ziliisha, giza tii, router ikazima, nikanunua token kwa simu, kurudi nikapata kazi imemaliza na majibu yananingoja kwa nohup.out.

Mtu ataniuliza, si ungetumia tu QEMU (programu ya kuiga prosesa zingine) nyumbani? Nimetumia, na bado natumia. Kwa mambo ya baiti gani inatangulia, QEMU na Linux ya s390x (prosesa ya IBM inayoanza na kubwa) inatosha na huhitaji ruhusa ya mtu. Lakini QEMU itakupa Linux kwa prosesa tofauti, haitakupa libc ya AIX wala ar yake yenye madharau, na vituko vingi nilivyoeleza hapa havikutoka kwa prosesa, vilitoka kwa mfumo. Windows pia ni hadithi yake, hiyo nilijaribia kwa laptop ya shemeji na MSYS2 (zana za kukompaili kwa Windows), nikajifunza kwamba faili uliyofungua na fopen bila "b" (ya faili za baiti), kusoma kunasimama kukikutana na baiti ya 1A kikidhani faili imeisha, na kilo za watu zina hizo baiti kibao. Shemeji bado ananidai chai.

Nyota? Tano, na sioni aibu, kitu cha bure chenye kimenionyesha makosa sita ndani ya wiki mbili sina pa kukipunguzia nyota. Ni ya kila mtu? Hapana. Kama laibrari yako itaishi kwa kontena ya Linux tu, usisumbue wale wanaojitolea kusoma fomu. Lakini kama umeandika mahali, kama mimi, ati inakimbia popote, nenda ukaone popote kunakaaje.

Jamaa wa sacco nilimtumia toleo jipya Jumatatu, akanirudishia neno moja, "23.50", na kidole gumba. Yale maneno ya popote nimefuta, sasa nimeorodhesha mifumo niliyojaribu na tarehe. Jana usiku nimekimbiza tena kila mahali, AIX sawa, Solaris sawa, ARM sawa, OpenBSD bado inalalamika strcpy moja kwa faili ya vituo. Naijua hiyo laini. Niliiandika mwenyewe 2019, na pembeni nimeweka maoni: "hii iko sawa".