Injini ya bodaboda imekufa: ununue nini, na nini uache dukani

Oktoba ikifika na korosho zikaanza kutoka mashambani, vijiwe vya Mtwara mjini hupungua pikipiki. Vijana wanapanda Nanyamba, Tandahimba na Newala kubeba watu na magunia kupeleka ghalani. Januari zinarudi, nusu yake zinatoa moshi kama tanuri la chokaa. Hapo ndipo mwenye pikipiki anaambiwa neno moja tu gereji: "Nunua injini."

Nina pikipiki mbili barabarani, na kabla ya hapo nilikuwa naendesha ya tajiri na kupeleka hesabu kila jioni. Injini nimeshanunua za kila aina. Nazipanga hapa kuanzia ile ambayo ningeichukua mwenyewe kwanza. Bei sitaandika, maana dukani huku bei ya Juni si bei ya Novemba. Wauza spea wanajua vizuri siku wakulima wanapolipwa.

Kabla hujatoa hata shilingi, jua kilichokufa. Toa plagi, mimina oili kijiko kimoja kwenye tundu lake, kanyaga kiki mara kadhaa isambae, kisha rudisha plagi ukanyage tena. Kiki ikiwa ngumu ghafla, ringi za pistoni na bloku (silinda ambamo pistoni inatembea) ndizo zilizoisha. Isipobadilika, huenda valvu hazifungi. Halafu mwaga oili yote kwenye beseni jeupe na uipeleke juani. Ukiona vinameta vipande kama magamba ya dagaa, na injini ilikuwa inagonga kwa chini kila ukivuta mafuta, basi koni rodi (mkono unaoshika pistoni) au beringi za kranki (mhimili wa chini) zimekwisha. Fundi wangu wa Magomeni huwa anaangalia beseni, anachovya kidole, anasema, "Mjomba, hii haijafa, imechoka." Maneno hayo yameniokolea hela nyingi kuliko punguzo lolote la dukani.

Namba moja: seti ya bloku. Kama sehemu ya chini ya injini bado ni nzima, usinunue injini. Nunua bloku mpya na pistoni yake, ringi, pini na gasketi, halafu usage valvu zikae vizuri kwenye hedi, yaani kichwa cha injini. Asubuhi unaanza, alasiri pikipiki iko kijiweni. Ukikuta bloku yako ya zamani ni nzuri kuliko hizi mpya (nyingine zina chuma chepesi, zinachanika mapema), ipeleke kwa fundi wa mashine ya kukereza aichonge, uivalishe pistoni ya saizi ya juu. Saizi zinapanda kwa robo milimita: 0.25, 0.50, 0.75, hadi 1.00. Nunua pistoni kwanza, mpelekee fundi aipime, ndipo achonge. Akichonga kabla hajaiona pistoni, anabahatisha.

Namba mbili: injini nzima mpya, kwa pikipiki za Kichina. Hizi nyingi zinatumia injini ya CG, mtoto wa Honda CG125 iliyotoka miaka ya sabini. Haina cheni ya timingi ya kuendesha valvu. Valvu zinasukumwa na vijiti kutoka chini, ndiyo maana inavumilia fundi wa kijijini na spana zake tatu. Chini ikishakufa, yaani kranki, beringi na gia kwa pamoja, hesabu ya kununua kimoja kimoja huishia kupita bei ya injini mpya, na bado utafungua tena.

Ila soma alama. Kwenye chuma cha injini, upande wa kushoto chini, kuna maandishi kama 156FMI, 162FMJ au 163FML. Tarakimu ya kwanza ni idadi ya silinda, moja. Mbili zinazofuata ni upana wa pistoni kwa milimita, bila desimali. F ni kupozwa kwa upepo, M ni pikipiki, na herufi ya mwisho ndiyo ukubwa wa injini kwa cc: I ni 125, J ni 150, L ni 200. Muuzaji akikwambia "hii ni 150" na chuma kinasema FMI, amini chuma. Kwenye bloku pengine pamebandikwa nembo ya 150 inayong'aa. Hiyo nembo inauzwa peke yake.

Linganisha pia matundu ya kufungia kwenye fremu, upande inakotokea sproketi, na plagi za waya. Waya ndizo zinazosumbua watu. Koili za umeme za injini mpya zinaweza kuwa tofauti na za zamani, ukaunganisha CDI (kisanduku cha umeme kinachoamuru cheche) yako ya zamani na cheche isitoke kabisa, ukashinda unasukuma kiki huku fundi anailaumu kabureta. Chukua injini ikiwa na koili zake ndani na uombe CDI inayoendana nayo.

Ukishafunga, weka oili ya pikipiki, 20W-50, kama lita moja. Ya gari iache, kwa sababu klachi ya pikipiki inaogelea kwenye oili hiyo hiyo, na baadhi ya oili za gari zinaifanya iteleze. Kilomita 500 za kwanza usivute mafuta mpaka mwisho wala usibebe mishikaki (abiria wawili au zaidi). Hizo ni kama kwenda na kurudi Lindi mara mbili na ushee. Zikitimia, mwaga oili yote uweke nyingine. Dereva wako atakwambia hesabu haitafika. Punguza hesabu wiki hiyo.

Namba tatu: kuikarabati yote, kwa Boxer na TVS. Hizi ni za Kihindi, zina cheni ya timingi na fremu zake hazipokei CG bila kuchomelea vishikio vipya. Nimeziona zilizochomelewa; zinatetemeka mpaka taa ya mbele inadondoka. Kwa Boxer nunua spea halisi kidogo kidogo: koni rodi, beringi, cheni ya timingi na bloku. Inakula hela, inakula siku, lakini inayotoka ni Boxer ile ile. Kranki isipigwe nyundo kwenye gogo. Itafutie mashine ya kukandamizia, hata kama ni kuisafirisha.

Namba nne: kuongeza nguvu. Kijana wa 125 anatamani 200 apande kilima cha Newala na watu wawili bila kupunguza gia. Namwelewa. Lakini breki ni zile zile, cheni ni ile ile, na mafuta yanaisha haraka. Wengine wanataka njia ya mkato: kwa kuwa CG125 na CG150 zina urefu sawa wa mwendo wa pistoni, milimita 49.5, wanadhani bloku ya 150 itakaa tu juu ya 125. Haikai. Bomba la bloku ya 150 ni nene zaidi kuliko mdomo wa injini ya 125, lazima uchonge chuma cha chini, na ukishachonga hakirudi.

Ya mwisho: injini ya mtumba. Nilinunua moja, ikiwa chini kwenye turubai, imeoshwa kwa petroli mpaka inang'aa. Ilinguruma vizuri siku tisa. Siku ya kumi nikasimamishwa kwenye kizuizi cha barabarani, askari akalinganisha kadi ya pikipiki na chuma, na namba ilikuwa imesagwa kwa tupa. Nililala nyumbani, pikipiki ikalala kituoni. Kadi ya TRA (mamlaka ya mapato) ina namba ya chasisi na namba ya injini. Ukibadilisha injini ya aina yoyote, hata mpya, tunza risiti yenye namba hiyo na uende TRA kadi irekebishwe. Kama ni lazima mtumba, muuzaji atoe kopi ya kadi ilikotoka, muandikishane mbele ya mwenyekiti wa mtaa, na uisikie ikinguruma ikiwa bado ya baridi. Injini iliyopashwa moto kabla hujafika ina kitu inakuficha.

Mchanga wa kule juu Newala na Tandahimba ndio unaoua hizi injini, kuliko mzigo. Ukifunga mpya na sponji ya kuchuja hewa ikabaki ile ya zamani iliyotoboka, msimu mmoja tu na bloku imekwisha. Nunua sponji siku hiyo hiyo. Kila wiki ya korosho ioshe kwa mafuta ya taa, ikamue, ipake oili kidogo.

Na kama injini unaagiza Kariakoo ije na basi, fungua boksi pale pale stendi ya Mkanaledi kabla hujasaini. Sukuma kiki kwa mkono, hesabu gia zote, tazama kama boliti za kufungia zimo. Yangu ya mwisho ilikuja na kila kitu isipokuwa mkono wa gia, na basi lilikuwa limeshageuza.