Karatasi ya Kiingereza ya Gaokao: kusoma wamepatia, kusikiliza bado

Gaokao ni mtihani wa kuingia chuo kikuu nchini China, na karatasi yake ya Kiingereza ndiyo inayoamua Kiingereza kitafundishwaje katika miaka mitatu ya sekondari ya juu. Kisichotoka kwenye mtihani hakifundishwi kwa moyo. Tunayoichambua hapa ni karatasi ya kitaifa ya Mtaala Mpya, Namba I, na ndani yake sehemu mbili tu, kusikiliza na kusoma, kwa kuwa hizo ndizo zilizobeba alama 80 kati ya 150. Hukumu tuitoe mapema: sehemu ya kusoma imetungwa na watu wanaoijua kazi yao. Ya kusikiliza inapima kitu, ila si chote inachodai kupima.

Karatasi nzima ni ya dakika 120 na kwa kawaida hufanywa tarehe 8 Juni, kuanzia saa tisa alasiri hadi saa kumi na moja jioni. Kusikiliza ndiko kunakotangulia: maswali 20 ya alama 1.5 kila moja, jumla 30, kama dakika 20 hivi. Kisha kusoma: maswali 20 ya alama 2.5, jumla 50. Kujaza mapengo ya maneno (30) na kuandika (40) tunaviacha.

Maswali 1 hadi 5 ya kusikiliza ni mazungumzo mafupi ya watu wawili, na kila moja huchezwa mara moja tu. Baada ya sauti kuna sekunde 10 za kujibu na kusoma swali linalofuata. Maswali 6 hadi 20 hutokana na mazungumzo marefu zaidi na, mwishoni, maelezo ya mtu mmoja. Hizi huchezwa mara mbili, na mtahiniwa hupewa sekunde 5 za kusoma kila swali kabla ya sauti, na sekunde 5 nyingine za kujibu baada yake. Majibu ya kuchagua ni matatu, A, B na C. Zikimalizika zote, kuna dakika 2 za kuhamishia majibu kwenye fomu inayosomwa na mashine, kwa penseli ya 2B. Asiyekuwa na penseli hiyo atajuta, maana mashine haina huruma na wino.

Kabla ya swali la kwanza huchezwa mfano, uleule mwaka nenda mwaka rudi: shati ni bei gani? A ni pauni 19.15, B ni 9.18, C ni 9.15, na jibu ni C. Wachina waliomaliza shule zamani bado wanaukariri kwa utani. Ukiutazama vizuri, ni somo zima la utunzi wa maswali. A inamnasa asiyetofautisha tisa na kumi na tisa kwa Kiingereza. B inamnasa anayechanganya kumi na tano na kumi na nane. Kila kipotoshi, yaani jibu lisilo sahihi lililowekwa kama mtego, kina kosa lake kinalolivizia.

Basi kasoro iko wapi? Kwanza kwenye sauti yenyewe. Imerekodiwa studio, mwanamume na mwanamke wanapokezana kwa adabu, matamshi yamenyooka, hakuna kelele nyuma yao wala anayemkatiza mwenzake. Aliyepata zote hapo anaweza kupotea kabisa mbele ya tangazo la uwanja wa ndege. Kasoro iliyo nzito zaidi imejificha kwenye sekunde. Habari yenye maswali manne ina maswali hayo manne pamoja na majibu kumi na mawili ya kupitia, yote kwa sekunde 20. Mwanafunzi anayesoma taratibu hukosa swali la nne ilhali masikio yake ni mazima: sauti imeanza yeye bado yuko la tatu. Kwa kiasi fulani, basi, alama hizo 30 zinapima kusoma kwa mara nyingine, na mwalimu anayeona mwanafunzi wake ameanguka kwenye kusikiliza asikimbilie kumwongezea sauti za mazoezi kabla hajampima kasi ya kusoma.

Makosa yanayojirudia yanajulikana. Jibu lenye neno lilelile lililosikika kwenye sauti mara nyingi ndilo mtego, kwa sababu jibu sahihi limesemwa kwa maneno mengine. Mazungumzo nayo hupenda kugeuka njiani: mmoja anapendekeza Jumamosi, mwenzake ana udhuru, wanakubaliana Jumapili. Aliyeweka alama pale aliposikia Jumamosi amekwisha. Na katika yale matano ya mwanzo, ambayo hayarudiwi, kosa baya kuliko yote ni kung'ang'ania swali lililopita. Wanapoteza mawili kwa kulilia moja. Ukikosa, bahatisha papo hapo, macho yahamie kwenye swali lijalo.

Huduma yenyewe siku ya mtihani ni ya kiwango cha juu. Kwa masomo mengine mtahiniwa akichelewa dakika chache baada ya kuanza bado huruhusiwa kuingia. Kwa Kiingereza mlango hufungwa saa tisa kasorobo, dakika 15 kabla ya karatasi kuanza, ili mtu asiingie katikati ya sauti. Miji hupiga marufuku honi na kelele za ujenzi karibu na vituo, na spika hujaribiwa kabla. Mwenye ulemavu wa kusikia anaweza kuomba asamehewe sehemu hiyo, na alama zake za maandishi hukuzwa kwa uwiano ili zilingane na jumla kamili. Mpango huu ni wa haki, na nchi nyingi hazijaufikiria.

Sasa kusoma. Kuna habari nne, A hadi D, zenye maswali 15 ya majibu manne, halafu habari ya tano yenye mapengo matano ya sentensi nzima. Habari A karibu kila mara ni ya matumizi: tangazo, ratiba, mwongozo wa makumbusho. Ya mwaka 2023 ilikuwa tangazo la kukodi baiskeli Amsterdam, na swali lake moja linastahili kuchunguzwa. Jedwali lilionyesha kwamba baiskeli ya breki za mkono na gia tatu ni euro 14.75 kwa saa 24, na kila siku inayoongezeka ni 8.00. Ile ya breki za mguu, isiyo na gia, ni 9.75 na 6.00. Swali: utalipa kiasi gani kwa siku mbili kwa baiskeli ya breki za mkono na gia tatu? Majibu yalikuwa 15.75, 19.50, 22.75 na 29.50. Jibu ni 22.75, yaani 14.75 jumlisha 8.00. Tazama sasa yale mabovu. 29.50 ni 14.75 mara mbili: amesoma safu sahihi, hakuona mstari wa siku ya ziada. 15.75 ni 9.75 jumlisha 6.00: ameuona mstari, ameingia safu ya baiskeli nyingine. 19.50 ni 9.75 mara mbili: amekosea yote mawili. Hakuna namba iliyotupwa tu kujaza nafasi. Mwalimu akihesabu wangapi wa darasa lake walichagua ipi, anajua kesho afundishe nini. Tunaowatungia wanafunzi maswali ya kuchagua tuone aibu kidogo, maana vipotoshi vyetu vingi havitamdanganya hata aliyelala.

B na C huwa simulizi za watu, mazingira, teknolojia au maisha ya jamii, na D ndiyo ngumu, mara nyingi inahusu utafiti wa kisayansi. Hapo maswali huhama kutoka kutafuta taarifa hadi kukisia maana ya neno kwa muktadha, kutaja kusudi la aya, kuchagua kichwa cha habari na kung'amua msimamo wa mwandishi. Msamiati unaotarajiwa kwa mujibu wa mtaala ni kama maneno 3,000, na neno linalotoka nje ya hapo huwekewa maana yake kwa Kichina ndani ya mabano. Uamuzi huo ni mzuri, kwani swali linabaki kuwa la ufahamu, haligeuki kuwa la kamusi. Wanaoanguka kwenye D kwa kawaida hawaangushwi na maneno. Huchagua jibu ambalo ni la kweli lakini halikuulizwa: sentensi iko kwenye habari, ila ni ya aya nyingine.

Habari ya mapengo ina sentensi saba za kuchagua kwa nafasi tano, na ndipo tunapokuwa na malalamiko makubwa kuliko yote. Maswali yake hayajitegemei. Ukichukua sentensi ya kweli ukaiweka kwenye pengo lisilo lake, umelikosa pengo hilo na umeliacha yatima lile linaloistahili: alama 5 zimekwenda kwa kosa moja. Ukichagua moja ya zile mbili za ziada, unapoteza 2.5 tu. Wanafunzi wawili wenye uelewa uleule wanaweza kutofautiana alama kwa bahati ya aina hiyo. Dawa ni kutofuata namba. Anza na pengo lenye ushahidi wazi: kiwakilishi kinachodai jina lililotajwa kabla yake, kiunganishi cha kupinga, pengo la mwanzo wa aya linalohitaji sentensi ya kuibeba aya nzima. Yaliyobaki yajazwe kwa kuondoa, kisha habari isomwe tena kutoka juu bila kusimama.

Suala la kubahatisha nalo lisemwe kwa hesabu. Majibu matatu kwenye kusikiliza yana maana kwamba asiyejua chochote anategemewa kupata 10 kati ya 30. Maswali 15 ya kusoma yanampa kama 9.4, na yale mapengo 1.8 hivi. Jumla ni kama 21 kati ya 80. Kwa hiyo alama 30 katika sehemu hizi mbili si nusu ya ujuzi wa mwenye 60. Iko karibu na sakafu.

Si China yote inayotumia mpangilio huu. Beijing, tangu Gaokao ya 2021, imehamishia kusikiliza na kuzungumza kwenye kompyuta kwa alama 50, mara mbili kwa mwaka, Desemba na Machi, na alama iliyo bora ndiyo inayohesabiwa. Humo mtahiniwa hunukuu alichosikia kisha hukisimulia kwa mdomo, jambo ambalo A, B na C haziwezi kulipima kamwe. Guangdong nako kompyuta imebeba alama 20: kuiga usomaji, kuigiza mazungumzo kwa kuuliza maswali matatu na kujibu matano, na kusimulia hadithi upya. Kwa upande wa kusikiliza, toleo la Beijing tunaliweka juu ya lile la kitaifa bila kusita.

Kufanya mtihani mara mbili kuna hatari yake pia. Jimbo la Zhejiang, ambalo nalo hufanya Kiingereza mara mbili, liliona Novemba 2018 kwamba karatasi ya Kiingereza ilikuwa ngumu mno, mamlaka ikakuza alama za baadhi ya maswali ya kusoma na kuandika. Wazazi na wanafunzi wakapiga kelele, uchunguzi ulioongozwa na gavana wa jimbo ukaubatilisha uamuzi huo Desemba, na alama halisi zikarudishwa. Ukitaka mitihani miwili ilingane, kazi hiyo ifanywe kabla ya mtihani, kwa kujaribu maswali, si baada ya watu kujua walichojibu.

Karatasi za miaka iliyopita na sauti zake zinapatikana mtandaoni, nazo zinafaa hata nje ya China. Mwalimu wa Kenya aliyezoea karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari nchini humo, ambako stadi za mazungumzo hupimwa kwa maandishi bila sauti yoyote kuchezwa, atapata hapa zana ambayo hana. Kwa kusikiliza, tumia spika moja mbele ya darasa badala ya simu ya kila mtu, usisimamishe sauti katikati, na baada ya kusahihisha wape maandishi ya mazungumzo wapige mstari pale jibu lilipogeuka. Kwa kusoma, toa A na B dakika 12, C na D dakika 15, mapengo dakika 8. Darasa likizidi muda kwenye A, punguza mwendo hapo hapo, kwa kuwa tatizo litakuwa ni kusoma jedwali, na D haitalitibu.