GINsim kwenye laptop ya RAM 4: wiki tatu na seli ya kansa

GINsim ni programu ya kuchora na kujaribu mtandao wa jeni kwenye kompyuta. Nitoe nyota mapema nisiwachoshe: nne kati ya tano. Ile moja niliyoikata nitaieleza huko chini.

Mimi natokea maabara ya histopatholojia, yaani ya kuchunguza tishu za wagonjwa kwa darubini. Miaka sita nimekata vipande vya uvimbe kwa mikrotomu, mashine ya kukata tishu nyembamba sana, nikavipaka rangi, nikampelekea daktari asome. Jicho langu limezoea ule mstari wa kahawia unaoizunguka seli ukishapaka kingamwili inayoitafuta E-kadherini, protini inayogundisha seli kwa seli. Seli zikiwa zimeshikana, mstari upo, kama saruji kati ya matofali. Kwenye kansa ya titi ya aina ya lobula (lobula ni vifuko vya kutengeneza maziwa) mara nyingi mstari haupo, na seli zinatembea kwa foleni kama sisimizi. Kuona najua. Nilichokuwa sijui ni nani anayeizima hiyo E-kadherini, na ndicho kilichonirudisha shule.

Nilianza vibaya. Nililipia kozi moja ya mtandaoni, jina nalihifadhi, nikalishwa milinganyo inayodai kasi ya kila protini. Kasi hizo mwalimu mwenyewe alikuwa anazikisia. Hela ikaenda. Ndipo mwenzangu wa darasani akaniwekea GINsim kwenye flashi.

Ni programu ya bure, imeandikwa kwa Java, na ukishakuwa na Java unabofya faili inafunguka. Haikuulizi kasi ya kitu chochote. Kila jeni imewaka au imezimwa, 1 au 0, na wewe kazi yako ni kuandika kanuni: inawaka lini, inazimwa na nani. Mshale wa kijani unawasha, mwekundu unazima. Mdogo wangu alipita nyuma yangu akauliza, "Dada, hizo ni nyaya za nyumba gani?" Hakukosea sana.

Sikuchora mtandao wangu wa jeni. Nilifungua ule uliotengenezwa na watafiti wa Institut Curie, taasisi ya kansa ya Paris, wakauchapisha mwaka 2015, unaohusu seli ya uvimbe inavyojichomoa kwa wenzake, ikavamia na kusafiri. Una nodi 32, yaani vituo ambavyo mishale inaviunganisha. Mbili ni za kuingilia: DNA imeharibika au la, na mazingira ya nje yanatuma ishara au la. Nyingine zinaonyesha mwisho wa seli: imejiua, imesimama kugawanyika, imevamia, imehama, imesambaa.

Moja kwa moja nikaenda kwa CDH1, jeni inayotengeneza ile E-kadherini yangu ya kahawia. Kanuni yake nimeikariri kama namba ya simu ya mama: inawaka endapo TWIST1, SNAI1, SNAI2, ZEB1, ZEB2 na AKT2 zote zimezimwa. Maadui sita. Mmoja akiamka tu, gundi imekwisha. Nilikaa na kanuni hiyo jioni nzima, maana ni kitu ambacho slaidi zangu zote za miaka sita hazikuwahi kuniambia kwa mstari mmoja. (Kwa haki, ile lobula niliyoitaja mara nyingi huipoteza E-kadherini kwa sababu jeni yenyewe imeharibika, siyo kwa sababu ya hawa sita. Modeli haihusiki hapo, nisije nikaulizwa.)

Halafu nikafanya ujinga. Nikaiambia programu inichoree hali zote, yaani kila mpangilio wa 1 na 0 kwenye nodi zote, na njia zote kati yake, bila kuibana ianzie wapi. Nodi 32 za ndiyo na hapana ni hali zaidi ya bilioni 4. Feni ikalia kama kinu cha kusaga, kipanya kikaganda, nikazima kwa kitufe. Laptop ina RAM ya GB 4, sijui nilitegemea nini. Ukiwa mgeni, anza na kutafuta hali tulivu, zile ambazo mtandao ukifika hautoki. Hilo GINsim inalifanya kwa hesabu za werevu bila kupita hali moja moja, na kwangu jibu lilitoka kabla chai haijapoa: hali tisa. Nne seli inajiua, mbili imebadilika umbo lakini haijasafiri, mbili imesambaa, na moja imetulia nyumbani kwake, CDH1 inawaka.

Utamu uko kwenye kuharibu. Kuna mahali unachagua jeni ya kuzima au kuwasha moja kwa moja. Nikazima p53, jeni inayolinda seli isigeuke kansa, peke yake: ile hali ya seli iliyotulia ikabaki palepale. Nikaongeza Notch, jeni ya kupokea ishara kutoka seli jirani, nikaiacha inawaka daima. Sasa kila hali tulivu iliyobaki, kwa mazingira yoyote niliyoweka, ilikuwa ya kusambaa. Hakuna kujiua wala kutulia. Kilichonifanya niheshimu kazi hiyo ni kwamba Institut Curie hiyohiyo, mwaka 2014, ilishaonyesha panya ambao utumbo wao umewashwa Notch na kunyang'anywa p53, nao walipata uvimbe unaosambaa. Hesabu na panya wanasema lugha moja.

Sasa nyota niliyokata. GINsim inakwambia seli inaweza kufika wapi, lakini hapo haikupi uwezekano wala muda. Kwa hilo unahamisha modeli kwenda MaBoSS, nayo ya Curie, inayoiga seli nyingi kwa bahati nasibu na kukutolea mikunjo ya uwezekano. Kuhamisha ni rahisi, ila MaBoSS inataka uandike amri, na usipoweka kasi zako mwenyewe ule "muda" wake si saa wala siku. Msije mkausoma hivyo.

Kubwa zaidi ni hili la 1 na 0. Kwenye darubini nimeona seli zilizo katikati, mstari wa kahawia umekatikakatika, na zinahama kwa makundi bado zimeshikana mikono. Modeli hii haina mahali pa kuziweka. GINsim yenyewe inaruhusu ngazi 0, 1, 2, kwa hiyo si kosa la programu, lakini kuandika upya kanuni za ngazi tatu ni kazi ya kutoa jasho. Niko kwenye ZEB1 sasa, wiki ya pili, na miR200, kijipande cha RNA kinachoizima ZEB1, inanigomea.

Wanaotaka vyote pamoja, kuna kifurushi cha CoLoMoTo kinachofungasha GINsim, MaBoSS na wenzao kwenye Docker, mfumo wa kuendesha programu zikiwa zimefungwa tayari kwenye boksi moja. Ni kizito. Kipakueni kwa waifai ya chuo usiku, msiguse bando lenu.