Kipupwe cha Nyandarua kwa gari la Mombasa: uzoefu wangu na msafara wa siku nne

Waandaaji wa msafara huu wako Nairobi, na orodha yao ya matayarisho imeandikwa kwa gari la Nairobi. Yeyote wa huku kwetu anayefikiria kujiandikisha Julai ijayo alijue hilo kwanza. Safari yenyewe naipa nyota nne kati ya tano. Ile moja nimeikata kwa sababu gari lililozoea jua la Changamwe na hewa ya chumvi lina maradhi yake, na hayo hayakutajwa popote katika kurasa walizotutumia.

Mpangilio ni huu: kila mtu na gari lake, magari manane nyuma ya kiongozi. Siku ya kwanza Mombasa hadi Naivasha, kama kilomita 570. Ya pili ni kupanda Kinangop, kuingia Hifadhi ya Aberdare, ndiyo milima ya Nyandarua, kwa lango la Mutubio na kulala kule juu, kwenye mita 3,000 hivi. Ya tatu maporomoko ya Karuru, kisha kuteremkia Nyeri kwa lango la Ruhuruini. Ya nne kurudi. Ada inalipwa kwa gari. Ndani yake kuna malazi, chakula cha jioni, kiongozi, na redio ya mkononi kwa kila gari. Mafuta na kiingilio cha hifadhi ni juu yako. Kiingilio kilipe kwa eCitizen, ule mtandao wa malipo wa serikali, ungali Naivasha, kwa maana KWS (shirika la wanyamapori) hawapokei noti langoni na mtandao kule ni wa kubahatisha. Gari nalo lina tiketi yake, mbali na za watu. Wawili kati yetu hawakulijua hilo, tukasimama langoni karibu saa nzima.

Sasa gari, na tuanze na hita. Pwani hita haina kazi. Kwa hivyo ile rejeta ndogo nyuma ya dashibodi ikianza kuvuja, fundi huiruka: anaunganisha mipira yake miwili kwa kipande cha bomba, anakaza klipu, basi. Gari linaweza kukaa miaka kumi hivyo bila mwenyewe kujua. Lipeleke Kinangop alfajiri ya Julai, nje nyuzi 6, ndani watu wanne wanahema na vioo vimefungwa. Kioo cha mbele kinakuwa cheupe mara moja, na kitambaa hakifui dafu kwa sababu kioo ni baridi na mvuke unarudi palepale ulipofutwa. Kiyoyozi hukausha hewa, lakini katika magari mengi hujizima nje kukiwa na baridi kali. Kupima ni rahisi: washa injini robo saa, zungusha kitufe hadi mwisho wa rangi nyekundu, weka kiganja kwenye tundu la hewa. Kama unaweza kukiacha hapo bila kusikia moto, rudi kwa fundi.

Ndugu yake hita ni thamostati, ile vali inayozuia maji yasizunguke mpaka injini ipate joto. Gari likichemka kwenye foleni ya Makupa, dawa ya kwanza ya mafundi wetu wengi ni kuing'oa. Mombasa hutaona tofauti upesi. Juu kule maji yanazunguka muda wote bila kizuizi, injini haifikii joto lake, mshale unalala chini, hita nzima inatoa upepo wa baridi na petroli inaliwa bure. Irudishe, ya nyuzi zile zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Wakati huohuo mwaga maji ya mfereji uweke kulanti (dawa ya maji ya rejeta), nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa.

Wengi hudhani kulanti ni ya kuzuia kuganda tu. Kuna la pili: huchelewesha kutokota. Kwenye mita 3,000 maji hutokota karibu na nyuzi 90, si 100. Kinachoyazuia zaidi yasitokote ni mfuniko wa rejeta unaoshikilia presha. Mpira wa mfuniko ukishakauka, gari linachemka katikati ya ukungu huku dereva amevaa koti. Prado moja ilitufanyia hivyo kabla ya Mutubio. Kiongozi alikuwa na mfuniko wa akiba, na haikusumbua tena. Wewe beba wako, ni kitu cha kuingia mfukoni.

Betri haina hadithi ndefu. Joto la pwani ndilo linaloiua, baridi ya bara inakuja tu kutangaza msiba. Ikiwa imepita miaka miwili na asubuhi inawasha kwa kusuasua, badilisha kabla ya kwenda. Safisha vichwa vyake ule ukungu wa kijani, na waya wa bodi pia, ambao kwa chumvi yetu huliwa ndani ya ganda lake usionekane.

Matairi yanataka hesabu kidogo. Ukijaza psi 32 Mombasa kukiwa na nyuzi 30, halafu upime asubuhi kwenye mita 3,000 kukiwa na nyuzi 6, utakuta kama 33. Kipimo chako si kibovu. Baridi imeshusha presha karibu 4, na hewa nyepesi ya nje imeirudisha nne na zaidi, maana kipimo husoma tofauti kati ya ndani na nje. Kwa hiyo usiguse kitu mpaka mfike kwenye tope. Hapo waandaaji walitutaka tushuke hadi 18, na hapo sikubaliani nao. Kwa tairi la kawaida la barabarani, kwenye njia yenye mawe yaliyojificha ndani ya tope, 18 ni kuomba tairi livuke ukingo wa rimu. Ishirini na nne inatosha. Na ukishuka, uwe na kompresa ya kuchomeka tundu la sigara, kwa sababu kurudi na upepo huo kwenye lami ya Voi saa nane mchana ni kulipika tairi kutoka ndani mpaka lipasuke.

Magari yaliyofaa zaidi ni yenye gia nzito ya 4L (magurudumu yote manne yanavuta, mwendo polepole): Prado, Hilux, Jimny. Forester na X-Trail zilipita, ila kwa jasho. Injini ya petroli isiyo na tabo (turbo) hupoteza karibu theluthi ya nguvu zake kwenye mwinuko ule, kwa hiyo gari unalolijua kuwa na mbio Mombasa litakuwa zito kama lina mkokoteni nyuma. Usilichukie, punguza gia mapema. Jaza tangi Naivasha. Ndani ya hifadhi hakuna pampu, na 4L inakunywa.

Njia ya kutoka Mutubio inakatiza kwenye msitu wa mianzi, kisha mianzi inakwisha na unatokea kwenye nyasi za vishungi na mirobelia mirefu kuliko mtu. Udongo wa kwenye miteremko ni mwekundu, na manyunyu kidogo tu huugeuza mlenda. Kuteremka ndiko kunakoharibu watu. Mguu ukigusa breki, magurudumu yanafunga, na gari lililofunga magurudumu halisikii usukani, linafuata mteremko linakotaka. Weka 4L gia ya kwanza au ya pili, miguu iache pembeni, acha injini ilizuie gari. Likianza kuteleza ubavu, gusa mafuta kidogo magurudumu yapate kuzunguka tena. Kama kuna mifuo ya magari yaliyopita, ingia ndani yake. Kujaribu kutembea kwenye kingo zake kutakuangusha humo kwa upande, na kulitoa gari lililolala hivyo ni kazi ya kamba, shakeli mbili na sepetu, si ya kusukuma. Kiongozi wetu alikuwa stadi hapo. Kabla ya kila mteremko mbaya alishuka kwa miguu na kuchoma fimbo kwenye tope kupima kina.

Nidhamu ya msafara ilikuwa nzuri kuliko nilivyotarajia. Kila dereva anawajibika kwa gari la nyuma yake: kwenye njia panda hukati kona mpaka uone taa zake. Mita 50 kati ya gari na gari, hata kama mnatambaa. Wengine waliona ni ushamba, hadi ndovu wawili walipotoka kwenye mianzi na gari la mbele likahitaji nafasi ya kurudi kinyumenyume. Honi haipigwi kabisa. Kosa lililotushinda kukomesha ni lile letu la Kenya nzima, kuwasha hazadi (taa za dharura zinazomweka pande zote) ndani ya ukungu huku gari linatembea. Kuanzia Kimende hadi Kinale, mahali ambapo Julai ukungu hulala barabarani, wa nyuma anayeona hazadi hajui kama umesimama au unataka kukata. Taa za chini zinatosha.

Kuhusu mwili: kutoka usawa wa bahari hadi mita 3,000 ndani ya siku mbili ni haraka. Kulala Naivasha usiku wa kwanza kunasaidia, na hapo waandaaji walifikiri vyema. Hata hivyo kichwa kugonga usiku wa pili ni kawaida. Maji mengi, chakula chepesi. Kichwa kikija na kutapika na kuyumba, unateremshwa usiku uleule, hapana ngoja asubuhi. Nyumba za kulala ni za mawe zenye meko ya kuni. Kuna aliyetaka kuingiza jiko la makaa chumbani na kufunga madirisha; msifanye hivyo, hewa yake inaua watu usingizini. Usiku mbingu ikiwa wazi umande huganda kwenye vioo vya magari. Kwangua kwa kadi ya plastiki, usimwage maji ya moto, kioo kitapasuka. Nguo msinunue dukani: Kongowea kuna makoti ya mtumba ya theluji kwa bei ya shati, kwa sababu nani Mombasa anayataka. Chagua lenye kofia, na viatu vya mpira. Chakula kilikuwa cha kuridhisha, chai bora kuliko chakula.

Karuru tulipewa saa moja, na nashauri waongeze. Maporomoko yana mita 273 kwa ngazi tatu, lakini ukungu hufunga bonde lote. Kwanza unasikia mngurumo tu. Halafu pazia linapasuka kwa dakika mbili tatu, unaona ngazi ya juu, linafunga, linapasuka tena chini zaidi. Anayeondoka haraka anaondoka na kipande. Mbao za kusimamia zinateleza, shikeni mkono wa watoto.

Lawama yangu ya mwisho kwa waandaaji ni siku ya nne: Nyeri hadi Mombasa kwa mkupuo, zaidi ya kilomita 600 na malori ya usiku kuanzia Mtito Andei. Ingekuwa ratiba yangu, ningelala Mtito na kuingia mjini mchana. Ukifika, usilipeleke gari kuoshwa juu juu. Lipandishwe, lipigwe maji kwa chini: ndani ya chesisi, nyuma ya diski za breki, kati ya mapezi ya rejeta. Ule udongo mwekundu hunywa unyevu na kuubana kwenye chuma, na ukikutana na hewa yetu ya chumvi, kutu huanza mahali usipopaona. Langu lilioshwa mara tatu, na bado maji ya mwisho yalitoka na rangi.